Gari linashika usukani lenyewe, bosi ananitaka safarini usiku peke yangu

BARUA YA MSOMAJI

Mshauri, shikamoo na pole na kazi.

Mimi ni dereva wa semi, umri miaka 43, nakaa Mtwara mjini na mke wangu na watoto wanne. Kampuni niliyopo nimemaliza nayo miaka minane. Tunapeleka saruji Dar es Salaam na kurudi na mzigo wa madukani, na msimu wa korosho ukifika tunapanda Newala na Masasi kuchukua magunia ya kuleta bandarini.

Mwaka huu bosi ameleta vichwa vipya. Vipya kwetu, kwa sababu ni mtumba wa Ulaya, usukani uko kushoto. Vina mambo ambayo magari yetu ya zamani hayakuwa nayo. Ukiweka mwendo 80 linashika lenyewe, likikuta gari mbele linapunguza, gari likiondoka linaongeza. Ukisogea kwenye mstari, usukani unakurudisha. Kuna breki inayojikamata ikiona hatari. Na juu ya dashibodi imefungwa kamera inayoniangalia mimi. Nikifumba macho au nikiangalia simu inapiga kelele, na ofisini wanaona.

Mafunzo tulipewa asubuhi moja palepale yadi, na aliyetufundisha ni muuzaji, hakuna aliyetoka nasi barabarani. Maandishi ya kwenye dashibodi ni ya Kijerumani. Ikiwaka taa ya njano na maneno, tunapiga picha tunatuma kwenye grupu, mwenye simu ya kutafsiri ndiye anatujibu.

Sasa bosi ametuita, akasema magari haya yanajiendesha, dereva kazi yake imekuwa nyepesi. Kwa hiyo utingo hawatakiwi tena. Safari ya Dar itakuwa ya usiku, kuondoka saa 12 jioni, alfajiri uwe Mbagala. Posho ya safari itapungua. Na kila dereva asaini fomu yenye mambo haya: mfumo usizimwe wakati wowote gari likiwa barabarani, dereva anawajibika kwa ajali yoyote hata kama mfumo ulikuwa umewashwa, na hasara itakatwa kwenye mshahara. Tumepewa hadi mwisho wa mwezi.

Kinachonitisha ni kwamba mfumo wenyewe nimeshauona. Mchana kweupe, nakaribia Mingoyo, mbele hakuna kitu, penye kona yenye kibao cha chuma gari likajibana breki ghafla. Tela likayumba, basi lililokuwa nyuma yangu lilinikosa kidogo sana. Nilitoa taarifa ofisini, nikajibiwa kwamba lazima nilikanyaga kitu. Sasa kama tela lingelala siku ile, na fomu ningekuwa nimeshaisaini?

Halafu kuna jambo la nyumbani. Utingo wangu ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Mimi ndiye niliyemwingiza kazini. Nikisaini ni kama nimemfukuza kwa mkono wangu. Lakini mama watoto mwenyewe ananiambia nisaini, kwa sababu ada za Januari zinakuja na mdogo wake bado kijana, atapata kingine. Nikimwambia naogopa, ananiuliza, unaogopa nini wakati gari linakusaidia?

Wenzangu yadi wanasema nisiumize kichwa. Kamera wanaibandika karatasi, na usukani wanaufunga chupa ya maji ili gari lidhani umeushika. Kuna mtu pia ananiita niendeshe Noah yake ya Mtwara na Masasi. Pesa ni ndogo, ila nalala nyumbani.

Nisaini, nikatae, au niondoke? Na nimwambieje shemeji?

Dereva wa Kusini, Mtwara


JIBU LA MSHAURI

Marahaba, ndugu yangu. Asante kwa kuandika kwa kirefu, maana katika jambo hili kitu kidogo kama lugha ya dashibodi kina uzito kuliko kinavyoonekana.

Nilivyokuelewa, kampuni imeleta magari yanayomsaidia dereva, na kwa hoja ya msaada huo inakuondolea mwenzako, inakupunguzia posho, inakuhamishia usiku, kisha inataka uandike kwamba likiharibika lolote ni lako. Nyumbani unaonekana kama mtu anayekataa kusaidiwa. Hofu yako ina msingi. Tuipitie, maana naona imechanganya vitu ambavyo vikitenganishwa utajua kipi cha kumwambia bosi na kipi cha kumwambia mama watoto.

Nianze na neno la bosi, kwamba gari linajiendesha. Wahandisi wa magari wana ngazi sita za kupima jambo hili, kuanzia 0 hadi 5, zilizotolewa na taasisi yao ya SAE mwaka 2014. Gari lako, kwa ulivyolieleza, likifika juu sana liko ngazi ya 2. Linashika mwendo na kusaidia usukani, lakini anayeendesha ni wewe kila sekunde. Ngazi ya 3, ambapo dereva anaruhusiwa kuacha kutazama barabara kwa muda, bado ni nadra. Mercedes-Benz ilipopata kibali hicho Ujerumani Desemba 2021, kilikuwa cha mwendo usiozidi kilomita 60 kwa saa, kwenye barabara kuu zilizochaguliwa, na gari likiita dereva lazima apokee. Magari ya kampuni ya Waymo yanayobeba abiria bila dereva katika miji ya Marekani kama Phoenix na San Francisco yana mipaka ya eneo lao, na yakikwama kuna watu ofisini wanaoyajibu. Kwa upande wa malori, kampuni ya Aurora ilianza mwaka 2025 kupeleka mizigo bila dereva kati ya Dallas na Houston. Mwezi Mei mwaka huohuo ikarudisha mtu kwenye siti ya mbele, kwa ombi la mtengenezaji wa lori. Hao ndio waliotangulia kuliko wote. Semi ya mtumba kwenye barabara ya Kusini haiwezi kuwa imewapita.

Angalia mwaka wa kutengenezwa kwa kichwa chako kwenye kibati cha mlangoni au kwenye kadi ya gari. Ulaya iliyataka malori mapya yote yawe na breki ya dharura kuanzia Novemba 2015. Lakini kipimo chake kilikuwa hiki: lori likiwa kwenye mwendo wa 80 likakuta gari limesimama, breki ipunguze angalau kilomita 10 kwa saa kabla ya kugonga, na kanuni ilipokazwa baadaye, 20. Maana yake lori linaweza kugonga likiwa na 60 na bado limefaulu mtihani. Watengenezaji wengi wamevuka kiwango hicho, kweli, lakini kanuni ile ilipima gari mbele ya gari. Mtembea kwa miguu, bodaboda isiyo na taa, baiskeli yenye magunia ya mkaa na mbuzi wa Kibiti havikuwemo kwenye kipimo. Mweleze mama watoto hilo kwa maneno hayahaya. Anapouliza unaogopa nini, hakudharau. Ameambiwa gari linaona, na hajaambiwa linaona nini.

Rada iliyo kwenye bampa inapima kasi ya kitu kilicho mbele. Vitu vilivyosimama ni vingi mno barabarani: vibao, kingo za madaraja, nguzo. Ili gari lisifunge breki kila mita mia, mfumo unafundishwa kuvipuuza vingi kati ya hivyo, na ndiyo sababu lori lililoharibika gizani bila taa linaweza kutambuliwa kwa kuchelewa. Wewe ukiona matawi yamelazwa lami unajua kuna gari limekufa mbele, unaachia mafuta mapema, unaanza kutafuta upande wa kupita. Kwa gari, matawi ni takataka tu. Kamera ya mistari nayo inahitaji rangi. Kwenye rangi iliyofutika, au vumbi, au mvua, au jua la jioni linalopiga kioo, inanyamaza, na mara nyingi inanyamaza bila kelele. Fikiria vipande vya Somanga baada ya mvua za kimbunga Hidaya za Mei 2024, barabara ilipokatika na magari kupitishwa kwenye michepuo. Hapo hakuna mstari wa kusoma kabisa.

Lile tukio la Mingoyo lina maelezo, na huenda hukukanyaga chochote. Kwenye kona, kibao cha chuma kinakuwa mbele kabisa ya pua ya gari kwa muda mfupi, na rada inaweza kukichukulia kama gari lililosimama kwenye njia yako. Hutokea hata kwa mfumo mzima. Hutokea zaidi kama rada imepinda. Bampa la mtumba likigongwa bandarini au likinyooshwa gereji, rada ikageuka digrii moja tu, mita 100 mbele inakuwa imekosea kwa karibu mita 1.75, yaani nusu ya njia yako. Ngao ya chuma, kibati cha namba au stika mbele ya rada vinaleta matatizo ya namna hiyo. Kioo cha mbele kikibadilishwa, kamera inatakiwa ipangwe upya kwa kompyuta. Mwombe fundi asome kumbukumbu ya hitilafu za gari na tarehe zake. Andika wewe pia tukio lile: siku, saa, mahali, mwendo, uzito wa mzigo. Lipeleke kwa maandishi na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Kuna jambo hukuliuliza, nami linanipa wasiwasi kuliko kibao. Vichwa ni vipya, matela je? Breki ya dharura inabana kwa nguvu zote ikitegemea magurudumu yote yajibu kwa pamoja. Ukifunga kichwa cha namna hiyo kwenye tela la zamani lisilo na ABS, yaani mfumo wa kuzuia matairi yasikwame breki zikibana, au ambalo waya wake wa ABS ulikatwa na haujaunganishwa, matairi ya tela yanaweza kukwama, yakateleza, na tela likakisukuma kichwa hadi gari lijikunje. Tela lako liliyumba. Kabla ya kuondoka chomeka waya, washa swichi, tazama taa ya ABS ya tela inawaka kisha inazimika. Isipozimika, hilo ni la gereji kabla ya safari. Sikiliza upepo unaovuja kwenye viungio, na hakikisha breki za tela zimerekebishwa pande zote sawa.

Kwa safari ya usiku kuna taa. Gari la usukani wa kushoto limetengenezewa nchi za kuendesha kulia, na taa zake za chini zinanyanyua mwanga upande wa kulia ili kumulika ukingo wa huko. Kwetu mwanga huo unaingia machoni mwa anayekuja, na ukingo wa kushoto, wanakopita wenye baiskeli, unabaki giza. Baadhi ya taa zina kiwiko cha kugeuza nyuma yake; nyingine lazima zibadilishwe. Kwa mwendo wa 80 gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Sekunde moja na nusu ya kushtuka ni mita 33, kusimama kwa breki nzima kama mita 50 nyingine, jumla zaidi ya mita 80. Taa za chini hazikuonyeshi mbali hivyo. Kwa 60, jumla inashuka kwenye mita 53 hivi. Kruzi, ule mfumo wa kushika mwendo, ikiwekwa 80 itakaa 80 hata taa zikiwa za chini, kwa hiyo kuipunguza kunabaki kazi yako.

Sasa nije kwenye hoja ya kazi kuwa nyepesi, maana hapa ndipo bosi wako, na labda wewe pia kidogo, mmeteleza. Mikono na mguu vinapumzika, ni kweli. Lakini ulichopewa badala yake ni ulinzi: kukaa macho ukitazama kitu kinachofanya kazi vizuri muda mrefu, ukisubiri dakika kitakapokosea. Ni kama mlinzi wa ghala la korosho ambaye usiku mwingi haoni mwizi. Mwingereza Norman Mackworth, aliyechunguza watazamaji wa rada wa jeshi la anga miaka ya 1940, aligundua kwamba umakini wa mtu unaanza kushuka ndani ya nusu saa ya kutazama tu. Hilo ni umbile la binadamu, halihusiani na uvivu. Kadiri mfumo unavyokosea mara chache, ndivyo dereva anavyozidi kuuamini, na ndivyo anavyokutwa mbali zaidi siku unapokosea.

Ongeza usingizi. Ukiamka saa 12 asubuhi na kuondoka Mtwara saa 12 jioni, saa 5 usiku utakuwa umekaa macho saa 17, na kwa lori lenye mzigo huenda uko karibu na Nangurukuru, nusu ya njia. Watafiti wamepima kwamba saa 17 za kukaa macho zinamfanya mtu awe kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Mbele bado kuna kipande cha saa 8 hadi 11 alfajiri, ambapo mwili unataka kulala hata kama mchana ulipumzika. Ukisinzia sekunde tatu kwa mwendo wa 80, umekwenda mita 67 bila dereva.

Kuhusu fomu, sitakuambia usaini au uikatae, kwa sababu anayelipa ada ni wewe. Nitakuonyesha kilichomo. Kipengele cha kwanza kinakuzuia kuzima mfumo. Cha pili kinakutwika makosa ya mfumo. Vikikaa pamoja, unawajibika kwa mkono usioruhusiwa kuuondoa. Jambo hili limeshatokea mahakamani kwingine. Machi 2018 huko Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber lilimuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku akikokota baiskeli. Uchunguzi ulionyesha kuwa rada ilimwona sekunde 5.6 kabla, lakini mfumo ukabadilisha mara kadhaa jina la kile ulichokiona, na breki ya dharura ya gari ilikuwa imezimwa na wahandisi. Msimamizi aliyekuwa kwenye siti alikuwa akitazama chini. Kampuni haikushtakiwa kwa jinai. Yeye alishtakiwa, na mwaka 2023 alikiri kosa la kuhatarisha maisha, akapewa miaka mitatu ya uangalizi. Sheria za kule si za kwetu, ila ujue tu kwamba mtu aliyekaa kwenye siti ndiye wa kwanza kutazamwa.

Hapa nyumbani, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ina mambo yanayokugusa. Saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na pamoja na za ziada mtu asipite 12 kwa siku. Ukifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo unastahili mapumziko ya dakika 60. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa, kwa hiyo kukupeleka usiku huku malipo yanashuka ni jambo la kuulizwa. Kilomita 560 hivi, kwa wastani wa 50 ukihesabu matuta, mizani na michepuo, ni zaidi ya saa 11 za usukani kabla hujahesabu mapumziko. Piga hesabu hiyo mbele ya bosi kwa kalamu, bila hasira. Kuhusu kukatwa mshahara, sheria inataka hasara iwe imetokana na kosa lako, uelezwe kwa maandishi, upewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya malipo yako. Masharti ya mkataba yakibadilika, mwajiri anatakiwa ashauriane nawe na kukuandikia.

Hivyo kati ya kusaini na kukataa kuna nafasi. Unaweza kurudisha fomu ukiwa umeandika masahihisho. Kwamba dereva anaruhusiwa kuzima msaada wa usukani na kruzi kwenye mvua, michepuo, mistari iliyofutika na vijiji, akiandika sababu kwenye kitabu cha safari. Kwamba uwajibikaji wake ni kwa uzembe uliothibitishwa baada ya kumbukumbu za gari kusomwa na fundi asiye na upande. Kwamba dashibodi iwekwe lugha mnayoielewa, jambo ambalo kwa magari mengi hufanyika kwenye menyu au kwa kompyuta ya fundi. Kwamba matela yakaguliwe. Hatari ya njia hii ni kuonekana kiongozi wa mgomo, hasa ukienda peke yako. Madereva wakiandika barua moja, au kupitia chama cha wafanyakazi, uzito unagawanyika. Bosi naye ana sababu ya kusikiliza: ajali moja ya semi inakula faida ya posho alizozipunguza kwa muda mrefu.

Ukisaini kama ilivyo, ada inalipwa, na saini hiyo haimwondolei mwajiri wajibu wake wa kisheria. Lakini itatolewa mezani siku ya tatizo, na kuipinga kutakugharimu muda. Ukikataa kabisa wanaweza kukuachisha. Kama utaona umeachishwa isivyo halali, malalamiko kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi yanatakiwa ndani ya siku 30, usingoje ndugu wakusuluhishie. Ukiondoka mwenyewe kwenda kwenye Noah, kumbuka kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara kwa kila mwaka uliomaliza, kwako siku 56, hutolewa mwajiri anapomwachisha mtu. Anayeacha kwa hiari yake kwa kawaida hakipati. Noah ina yake pia: abiria, leseni ya daraja linaloruhusu kubeba abiria, na hesabu ya tajiri kila jioni. Kulala nyumbani nako kuna thamani, na wewe ndiye unayejua ni kiasi gani.

Kuna mpango mwingine ambao labda hamjaupeleka kwa bosi. Madereva wawili, mmoja akitoka Mtwara na mwingine Dar, mkutane Nangurukuru, mbadilishane matela, kila mmoja arudi kwao. Magari yanaendelea kutembea usiku na hakuna anayepita nusu ya njia. Ugumu wake ni makabidhiano ya mzigo: lazima sili, turubai na matairi vikaguliwe na kusainiwa palepale, na anayechelewa anamchelewesha mwenzake.

Kamera usiibandike karatasi, tafadhali. Unaiona kama jasusi, na inawezekana ofisi inaitumia hivyo. Lakini kazi yake ya asili ni kupima kope na uelekeo wa macho ili ikuamshe, na siku gari litakapojibana breki bila sababu, picha ya wewe ukiwa macho na mikono kwenye usukani ndiyo shahidi wako. Kinachofaa kuulizwa ni nani anazitazama picha, zinakaa muda gani, na kama utazipata ukizihitaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kuomba taarifa zako. Chupa ya maji ni mbaya zaidi. Gari hupima kama mkono unaugusa usukani ili likustue usipougusa, na ukilidanganya umezima kengele ya mwisho iliyokuwa upande wako. Chupa hiyo ikikutwa kwenye gari lililopinduka, hakuna atakayesikiliza habari ya rada.

Sasa shemeji. Unasema ukisaini umemfukuza kwa mkono wako. Naomba uliangalie tena hilo. Anayemwondoa ni mwajiri, na hata mashine haijamwondoa, kwa sababu kazi zake nyingi mashine haizifanyi. Nani atateremka kukuongoza ukirudi nyuma yadi? Nani ataweka pembetatu na kuzuia tairi kwa jiwe gari likifa mlimani, atakaza turubai, atapiga tairi kwa nyundo? Na kwa usukani wa kushoto, ukitaka kulipita lori jingine, macho ya aliyekaa kulia ndiyo yanayoona kama barabara ni nyeupe. Orodha hiyo ipeleke kwa bosi kama hoja ya usalama, bila kutaja undugu. Kama kampuni itashikilia kupunguza watu, sheria inaitaka itoe taarifa na kushauriana kwanza, na shemeji ana stahili zake za kudai akiwa amejipanga.

Yeye mwenyewe mwambie mapema, kabla hajasikia yadi. Mkae watatu, wewe, yeye na dada yake, kwa sababu mama watoto ameshamsemea na huenda kijana hajaulizwa anataka nini. Huenda anataka leseni ya magari makubwa na hajapata wa kumsukuma. Chuo cha ufundi cha VETA Mtwara wanaweza kumweleza masharti na gharama. Huenda pia ana uchungu, na atahitaji kuutoa bila wewe kujitetea.

Nimeona pia jambo hukuliandika wazi. Umejifunza kuisoma barabara hii kwa miaka, na asubuhi moja mtu akasema gari limeichukua kazi hiyo. Hilo linauma, na hufanyi vibaya kuliona linauma. Ila ukienda kuzungumza na bosi, chunga maumivu hayo yasije yakakufanya uukatae mfumo wote. Breki ya dharura yenye rada iliyopangwa sawa, kwenye tela lenye ABS, inaweza kuokoa mtu. Unachokidai ni masharti ya kuitumia.

Kabla ya mwisho wa mwezi pata nakala ya fomu, kibati cha mwaka wa gari, na majibu ya fundi kuhusu rada na tela. Mpelekee msaidizi wa kisheria au ofisi ya kazi ya mkoa waisome kabla kalamu haijagusa karatasi. Ukipenda, nitumie na mimi maneno kamili ya fomu ukiwa umefuta jina la kampuni na la kwako, tuyapitie kipengele kwa kipengele.